Nijitangaze Muflisi? Madeni, Mahakama na Maneno ya Mwaloni

Pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, mwezi ukiwa mpevu maneno huwa mengi kuliko dagaa. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza: taa zao ndizo zinazowaita samaki, na mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa taa hizo hazimdanganyi dagaa yeyote. Mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, na wafanyabiashara waliozoea kupokea mzigo alfajiri wanakaa juu ya magunia matupu. Marejesho hayapumziki. Mkopo wa kila wiki unadai kila wiki, iwe giza iwe mwanga.

Ni kwenye vikao vya namna hiyo nimesikia zaidi ya mara moja mtu akisema: "Potelea mbali, naenda mahakamani najitangaza nimefilisika, madeni yote yafutwe." Mwingine anadakia kwamba shemeji yake aliye Marekani alifanya hivyo na leo anaendesha gari. Wa tatu anasema ukijitangaza unafungwa. Wa nne anakata shauri: Tanzania hakuna kitu kama hicho. Wa nne amekosea kabisa. Watatu wa mwanzo wamekosea nusu, na hizo nusu ndizo zinazowaponza watu.

Maneno yanayofanana

Mtaani, kufilisika ni kuishiwa. Mtaji umekatika, duka limefungwa, mtu anasema "nimefilisika" na wote tunamwelewa. Hiyo ni hali ya mfuko. Kisheria, kufilisika ni hadhi ambayo Mahakama Kuu inakupa kwa amri. Unaweza kukaa miaka kumi huna hata nauli ya daladala ya Igoma na usiwe muflisi hata siku moja, kwa sababu hakuna mahakama iliyotamka hivyo.

Halafu kuna herufi zinazochanganya. Muflisi ni yule anayedaiwa, aliyetangazwa kwamba hawezi kulipa. Mfilisi ni yule anayekabidhiwa mali za muflisi aziuze na kuwagawia wadai. Nimewahi kuona barua ya mtu akiomba "kuwa mfilisi" wa madeni yake mwenyewe, yaani alikuwa anaomba kazi.

Kufunga kampuni ni jambo jingine tena, lina Sheria yake ya Makampuni. Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawakitaki: kusajili jina la biashara si kufungua kampuni. Kibanda chako kikiwa na cheti cha jina la biashara ukutani, deni la kibanda bado ni deni lako wewe, la mfuko wako na la pikipiki yako.

Mtumbwi uliojaa maji

Sheria yenyewe ipo. Ni Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25 ya sheria zetu, na mwili wake tumeurithi kutoka zama za Mwingereza. Kuielewa, fikiria mtumbwi ulioingia maji, na nahodha wake anadaiwa na watu kumi. Kila mdai akirukia anachokiona, huyu injini, yule wavu, yule taa, aliyewahi anaondoka na kila kitu na wa mwisho anaambulia kamba. Sheria ya kufilisika inasema: mtumbwi upandishwe ufukweni, nahodha aachie kasia, mtu mmoja asiye na upande ahesabu vilivyomo, auze, kisha agawe kwa uwiano wa kila deni. Nahodha anakaa pembeni mpaka mahakama imruhusu tena.

Kwa hatua, mdaiwa mwenyewe au mdai wake anapeleka ombi Mahakama Kuu. Ukipeleka wewe, kule kupeleka kwenyewe kunahesabika kuwa umekiri huwezi kulipa, na huwezi kulichukua ombi lako ukarudi nalo nyumbani bila ruhusa ya mahakama. Inatoka amri ya kuziweka mali zako mikononi mwa afisa wa serikali. Kwetu kazi za ufilisi ziko chini ya RITA, ile ile ya vyeti vya kuzaliwa, ambayo jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kuanzia hapo wadai wa kawaida hawawezi kukushtaki au kukamata mali zako bila kibali cha mahakama. Huo ndio mwavuli ambao watu wanausikia kwa mbali.

Lakini chini ya mwavuli huo kuna masharti. Unaandika kwa kiapo orodha ya kila ulicho nacho na kila unayemdai au anayekudai. Wadai wanakutana. Unahojiwa mahakamani hadharani: ulipata wapi, ulitumia wapi, kwa nini. Tangazo linawekwa kwenye Gazeti la Serikali. Wadai wanaweza kukubali mpango wa kulipwa sehemu. Wasipokubali, unatangazwa muflisi na mali inagawiwa. Baadaye, ukitaka kuvuliwa hadhi hiyo, unaomba. Haitoki yenyewe. Mahakama inaweza kukubali, kukataa, kuchelewesha au kuweka masharti, na itaangalia kama uliweka hesabu za biashara, kama uliendelea kukopa ukijua hulipi, na kama fedha ziliishia kwenye anasa au kamari. Mikeka ya mpira inahesabika hapo, ndugu yangu.

Tupige hesabu

Chukua mfanyabiashara wa dagaa wa kubuni, mama wa makamo, anakusanya mzigo visiwani na kuuza kwa wanaopeleka Kongo. Anadaiwa na benki milioni 15, ameweka rehani nyumba. Kikoba milioni 2, wenzake watatu wamemdhamini. Aliyempa magunia ya dagaa kwa mali kauli anamdai milioni 4. Wakopeshaji watatu wa mtaani na wa kwenye simu, jumla milioni 1.5. Mali zake nje ya nyumba ni pikipiki na mzigo kidogo uliobaki stoo, vyote vikiuzwa vinaleta milioni 3.

Anajitangaza. Benki kwanza: ufilisi hauigusi. Mdai aliyeshika dhamana anasimama nje ya foleni, na ufilisi haumzuii kuuza alichoshika. Sheria ya Ardhi inamtaka atoe notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, na mnada nao unatangazwa siku 14 kabla, lakini hayo mama huyu angeyapata hata bila kujitangaza muflisi. Kama kinachomnyima usingizi ni nyumba iliyo benki, amepanda gari lisilofika anakokwenda.

Wanabaki wadai wa milioni 7.5 wanaogombea milioni 3. Gharama za ufilisi zinatoka kwanza, tuseme 750,000. Zinabaki 2,250,000, ambazo ni senti 30 kwa kila shilingi inayodaiwa. Mwenye magunia anapata 1,200,000, kikoba 600,000, wale watatu wanagawana 450,000. Kama angedaiwa kodi au mishahara ya vibarua, hao wangetangulia mbele ya wote hawa, na senti 30 zingepungua.

Sasa angalia kikoba. Imebaki 1,400,000. Siku mama huyu atakapoachiliwa na mahakama, yeye atakuwa huru na sehemu hiyo. Wadhamini wake hawawi huru. Sheria inamwachilia muflisi. Aliyesimama naye kumdhamini anabaki anadaiwa. Watakaogongewa milango ni wale wanawake watatu anaokutana nao kisimani na msibani, na hili hakuna anayelisema kwenye vikao vya magunia matupu. Mimi naamini ndilo linalowafanya watu wengi wa hapa wasifike mahakamani hata wakijua sheria. Tangazo la gazetini hawaliogopi, wanaogopa macho ya wenzao.

Na kuna lile la mali kauli. Biashara ya dagaa, ya sangara, ya mchele wa Magugu na nyanya za Soko Kuu inaendeshwa kwa mtu kumwachia mwenzake mzigo akauze alete hela. Muflisi ambaye hajaachiliwa haruhusiwi kuchukua mkopo unaozidi kiasi kidogo kilichowekwa na sheria bila kumwambia mkopeshaji hadhi yake. Akinyamaza ni kosa la jinai. Haruhusiwi pia kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali cha mahakama. Mali atakayoipata kabla ya kuachiliwa, hata ng'ombe wa urithi kutoka kwa baba yake kule Magu, mfilisi anaweza kuidai iingie kwenye mgao.

Wapo wanaodhani ni wajanja: kabla ya kwenda mahakamani wanaandikisha boti kwa jina la mjomba, au wanamlipa rafiki mmoja deni lake lote na kuwaacha wengine mikono mitupu. Mfilisi ana uwezo wa kuomba mahakama ivunje mipango hiyo na kurudisha mali kapuni, na kuficha mali ni kosa linalompeleka muflisi kizimbani. Boti ya mjomba ndiyo inayoangaliwa kwanza.

Hofu ya jela

Deni la kawaida ni la madai. Kushindwa kulipa si wizi, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya marejesho. Jinai inaingia pale ulipodanganya ili upate fedha, kama kuweka dhamana hati ya kughushi.

Ila yule wa tatu kwenye kikao hakutunga kila kitu. Mdai akishinda kesi anaweza kukazia hukumu, yaani kulazimisha itekelezwe, kwa njia kadhaa, na mojawapo ni kuomba mdaiwa awekwe gerezani kama mfungwa wa madai, muda usiozidi miezi 6. Mahakama haitoi amri hiyo kama pipi: mdaiwa anapewa nafasi ya kujieleza, na inaangaliwa kama ana uwezo na anakataa kwa makusudi, au hana kweli. Mdai ndiye anayelipia chakula chako ukiwa ndani. Wengi wakifika kwenye sharti hilo wanapoa. Na ukitoka, deni bado lipo.

Njia nyingine ya kukazia ni kukamata mali, na hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema dalali wa mahakama hawezi kukamata nguo, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za fundi, wala nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mke wake na watoto wanaomtegemea. (Nyumba uliyoiweka rehani mwenyewe ni habari nyingine.) Orodha ya vinavyosalimika kwenye Sheria ya Kufilisika ni fupi kuliko hiyo: zana za kazi, nguo na matandiko, tena hadi thamani fulani. Nyumba haimo. Kwa hiyo mtu mwenye nyumba yake ya kuishi isiyo na rehani, anayekimbilia ufilisi ili kumkwepa dalali, anaweza kuwa anatoka kwenye kivuli kwenda juani. Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza wakili kabla ya kusaini chochote.

Ng'ambo ya ziwa

Shemeji wa Marekani hakudanganya, ila alikuwa Marekani. Kule kuna njia mbili kuu kwa mtu binafsi, zinazoitwa kwa namba za sura za sheria yao. Sura ya 7 inauza mali zisizolindwa na kufuta madeni mengi ndani ya miezi michache. Sura ya 13 inampangia mwenye kipato kulipa kwa miaka 3 hadi 5. Hata huko, matunzo ya watoto hayafutwi, mikopo ya wanafunzi na kodi nyingi hazifutwi kirahisi, na rekodi ya sura ya 7 inaweza kukufuata miaka 10.

Karibu zaidi, ukivuka ziwa hadi Kisumu, sheria imebadilika. Kenya ilitunga Sheria ya Ufilisi mwaka 2015. Muflisi wa kawaida kule anaachiliwa baada ya miaka 3 bila kuomba, isipokuwa kama kuna pingamizi. Kuna pia utaratibu wa mtu asiye na mali ya kuuza, mwenye deni la kati ya shilingi za Kenya 100,000 na milioni 4, unaomfungua baada ya miezi 12. Sisi hatuna njia hiyo ya mtu asiye na kitu. Sura ya 25 ni wavu wenye macho makubwa, wa sangara. Dagaa wanapita katikati: kumlipa wakili, ada na matangazo kwa ajili ya deni la milioni 2 ni kununua kamba ya bei kuliko mbuzi.

Kausha damu

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu kufilisika hawadaiwi na benki. Wanadaiwa kausha damu: unakopa 500,000, unakatwa "fomu" unapewa 450,000, unarudisha 600,000 ndani ya mwezi, ukichelewa siku moja kuna faini. Hapa ufilisi ni nyundo ya kuulia mbu, kwa sababu kuna sheria iliyo jirani zaidi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa aina hiyo, hata mtu mmoja mmoja, awe na leseni, na Benki Kuu iliweka kikomo cha riba kwa daraja lao: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 500,000 ni shilingi 17,500. Rudia kuisoma: 17,500, si 100,000 na "fomu" juu.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kama aliyekukopesha yumo, au hana leseni ya kukuonyesha, msimamo wako mezani ni tofauti kabisa na ulivyodhani. Mtaji uliopokea bado ni fedha ya mtu, sikushauri uukimbie. Kinachobishaniwa ni kile kilichopandishwa juu yake. Malalamiko yanaanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza. Wale wanaowatumia meseji mama mkwe na mwalimu wa mtoto wako kwamba unadaiwa wanagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Nigusie na hili la "deni likikaa sana linakufa". Mdai ana miaka 6 ya kufungua kesi ya mkataba. Lakini ukiandika barua au kusaini karatasi inayokiri deni, saa inaanza upya. Na akishapata hukumu, ana miaka 12 ya kuikazia. Kujificha Ukerewe hakutoshi.

Basi ni wa nani?

Ufilisi una watu wake. Mtu aliyekuwa na biashara kubwa, ikaanguka, wadai wengi wasio na dhamana wanamvuta kila upande, kila mmoja na kesi yake, mali zipo lakini hazitoshi, na hakuna mdhamini wa kuachiwa mzigo. Huyo anahitaji mizani moja na mgawaji mmoja, na kuhojiwa hadharani kunaweza kuwa bei halali ya kupumua.

Mama wetu wa dagaa hayumo humo. Akinisikiliza, kesho asubuhi angechukua daftari achore safu nne: nani ananidai, kiasi gani cha mtaji peke yake, ameshika nini mkononi, na nani atalipa nisipolipa mimi. Safu ya tatu na ya nne ndizo zinazoamua. Benki imeshika nyumba, kwa hiyo inaendewa kabla ya notisi, na ombi la kupangiwa upya marejesho kwa maandishi. Awaambie wazi kwamba kipato chake kinafuata giza la mwezi, marejesho ya kila mwezi yanamfaa na ya kila wiki yanamuua. Kikoba kimeshika watu, kwa hiyo kinafuata, hata kwa kidogo kidogo mbele ya wadhamini wenyewe. Mwenye magunia hajashika kitu zaidi ya neno lake, na neno hilo ndilo litakalomletea mzigo mwezi ujao. Anaweza kumpa pikipiki kwa bei ya makubaliano na kuandikiana. Kausha damu wanaombwa leseni na mchanganuo wa riba.

Na mmoja wao akimpeleka mahakamani, aende. Wengi wanakimbia wito, hukumu inatoka upande mmoja, halafu wanashangaa kumwona dalali mlangoni. Aliyefika anaweza kuomba alipe kwa awamu, na mahakama ina uwezo wa kuamuru hivyo akionyesha kipato chake. Asiyeweza wakili anaweza kupata msaidizi wa kisheria; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao haina malipo. Aende na mikataba yote, meseji zote za marejesho zikiwa zimechapishwa, na lile daftari lenye safu nne.